Soda kwa Kipimo: Mashine Ambayo Mafundi wa Meru na Embu Wanaweza Kuijenga

Mwenye noti moja ndogo mfukoni ananunua maziwa Meru au Embu bila kuona haya. Anaingia dukani na chupa yake, anataja pesa alizo nazo, mwenye duka anabonyeza tarakimu, na ATM ya maziwa inammiminia kiasi kinacholingana na pesa hizo. Mafuta ya kupikia nayo yameanza kuuzwa vivyo hivyo mitaani. Lakini mtu huyo huyo akitaka soda, sharti anunue chupa kama ilivyojazwa kiwandani, au aondoke na kiu yake.

Na soda huku ina wanywaji. Kuanzia Maua hadi Laare, huko Meru, mtafunaji wa miraa hukaa na chupa ya soda kando ili kupunguza uchungu wa mmea huo. Mbeere, kule Embu, nyumbani kwa muguka ulio jamaa ya miraa, mambo ni hayo hayo. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, haiendi bila kreti za soda, harusi haiendi bila soda, na hata matangani wageni waliotoka mbali hupewa soda kabla ya kuulizwa habari za safari. Kinywaji kinachopendwa kiasi hiki kinastahili njia ya kuuzwa inayomfikia mwenye kidogo, tena njia inayowaachia wenyeji sehemu ya faida.

Je, mashine ya kumimina soda kwa kipimo, inayojiendesha yenyewe, inaweza kuundwa hapa hapa kwa gharama ambayo chama cha akina mama au kikundi cha vijana kitaimudu? Nasema inawezekana. Mambo ya kielektroniki ambayo wengi huyaogopa yameshakuwa mepesi na rahisi kununua. Panapotaka akili na subira ni kwenye gesi iliyo ndani ya kinywaji. Fundi atakayeielewa gesi hiyo atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi, na fundi atakayeipuuza ataishia kuuza povu.

Gilasi ilitangulia chupa

Mwaka 1767, Joseph Priestley, Mwingereza aliyekuwa mchungaji na mwanasayansi, alikuwa akiishi Leeds karibu na kiwanda cha pombe. Aligundua kwamba maji yakiwekwa juu ya pipa la pombe inayochacha huinyonya gesi inayopanda na kupata ladha ya kusisimua ulimi. Mwaka 1783, Jacob Schweppe akaanza kuuza maji hayo ya gesi mjini Geneva. Coca-Cola yenyewe iliuzwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Mei 1886 katika duka la dawa mjini Atlanta, Marekani, ikimiminwa katika gilasi kwa senti tano. Chupa zilikuja baadaye, mwaka 1894, katika mji wa Vicksburg.

Soda basi ilianza maisha yake ikiuzwa kwa gilasi. Chupa ndiyo iliyoiwezesha kusafiri mbali, hata Coca-Cola ikafika Kenya mwaka 1948. Kwa miaka mingi chupa nyingi za eneo la Mlima Kenya zilitoka katika kiwanda cha Mount Kenya Bottlers mjini Nyeri, kisha zikapandishwa malori kuelekea Meru na Embu. Kila safari inabeba maji, kioo au plastiki, na kreti. Lakini maji yapo hapa tayari, yakishuka kutoka mlimani katika mito ya Kathita na Rupingazi.

Hata mashine inayojiendesha si jambo geni. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Hero wa Alexandria alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji kwa sarafu. Sarafu iliangukia upande mmoja wa wenzo, uzito wake ukafungua tundu, maji yakatoka. Sarafu ilipoteleza na kuanguka, wenzo ukarudi na tundu likafungwa. Malipo, vali, kipimo, kufunga: mambo manne tu. Mashine ya leo hufanya hayo hayo manne, ila kinywaji chenye gesi hulifanya kila mojawapo liwe gumu zaidi.

Gesi na tabia zake

Gesi ya soda ni kaboni dioksidi. Kenya imebahatika kuwa nayo chini ya ardhi. Katika msitu wa Kereita, Lari, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kampuni ya Carbacid, iliyoanzishwa mwaka 1961, huivuna gesi hii kutoka visimani, kuisafisha na kuiuza kwa watengenezaji wa vinywaji. Malighafi hii basi haihitaji meli wala bandari. Inahitaji mtungi na gari la kuufikisha Meru.

Gesi huingia majini kwa kufuata mambo mawili, baridi na mgandamizo. Chini ya mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 humeza karibu lita 1.7 za gesi hii. Maji hayo yakifika nyuzi 25, hubakiza nafasi ya lita 0.76 hivi, yaani chini ya nusu. Soda za kola hubeba takriban lita tatu na nusu za gesi katika kila lita ya kinywaji. Ndiyo maana gesi lazima isukumwe ndani kwa nguvu, na ndiyo maana soda iliyoshinda juani humwagika yote kwa povu inapofunguliwa.

Kwa fundi, hesabu hiyo ina maana moja kubwa: pesa za kwanza ziende kwenye friji. Maji ya nyuzi 4 yanahitaji mgandamizo mdogo kuliko maji ya nyuzi 25, mpira hauvuji kirahisi, na kinywaji hutoka kimetulia. Vibamba vidogo vya umeme vya kupozea vinavyouzwa madukani havitoshi kazi hii, kwa kuwa vinakula umeme mwingi na kupoza kidogo. Friji ya mitumba iliyokaguliwa na fundi anayeaminika ni bora mara nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu kilichoandikiwa watu wa pwani hakitalitaja. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru iko juu zaidi. Huku juu, uzito wa hewa unaotukandamiza ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Geji ya mtungi husoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo fundi wa Meru anapaswa kuongeza kama bar 0.15 juu ya kipimo anachokiona katika majedwali ya kigeni ili kupata gesi ile ile majini. Isitoshe, kinywaji kikishatoka hewani hutoa povu zaidi kidogo kuliko ambavyo kingetoa pwani. Kinahitaji kumiminwa taratibu zaidi.

Povu ndilo adui

Wengi hudhani vali ni vali. Wananunua ile vali ya plastiki inayofanana na ya mashine ya kufulia, inayofunguka kwa umeme wa volti 12, wanaifunga kwenye mpira wa soda, wanabonyeza swichi, na gilasi inajaa povu tupu. Sababu ni kwamba ndani ya vali hiyo mna tundu jembamba lenye kona kali. Kinywaji kinapopita hapo mgandamizo hushuka ghafla, na gesi hujitoa majini kwa fujo.

Dawa yake ni kuupunguza mgandamizo polepole. Mpira mwembamba wenye upana wa ndani wa milimita 5 hivi, wenye urefu wa mita kadhaa, uliozungushwa na kulazwa ndani ya friji, humaliza nguvu ya gesi hatua kwa hatua. Kinywaji hufika mdomoni mwa mpira kikiwa baridi na kimepoa hasira. Kisha kimiminike kwenye ukingo wa gilasi iliyoinamishwa.

Na vali yenyewe? Iliyo bora kwa bei ndogo ni ile inayouminya mpira laini kutoka nje. Haina kona, haigusi kinywaji, wala haina mahali pa uchafu kujificha. Mota ya waipa ya gari la Probox kuukuu ina nguvu ya kutosha kuisukuma, na gereji za Makutano mjini Meru au za mjini Embu hazikosi mota za namna hiyo. Jambo moja tu lisikosekane: springi ndiyo iufunge mpira, na mota ndiyo iufungue. Umeme ukikatika katikati ya kumimina, springi itaufunga mpira yenyewe, mradi gia za mota zisiizuie, na kinywaji hakitamwagika sakafuni. Mpira huo uwe wa silikoni ya vyakula. Ule wa kumwagilia bustani haufai, kwani hutia kinywaji harufu na kemikali zisizoliwa.

Mizani haidanganyiki

ATM nyingi za maji hupima kwa kihisi chenye gurudumu dogo linalozungushwa na maji yanayopita. Kwa maji matupu kinafaa. Kwa soda kinakosea, kwa sababu mapovu ya gesi nayo hulizungusha gurudumu hilo, na mteja hulipishwa hewa. Kupima kwa macho ndani ya gilasi nako hakufai, maana povu hupanda na kushuka.

Uzito ndio unaosema kweli. Gilasi ikiwekwa juu ya kihisi cha uzito cha kilo 5, kile kinachopatikana katika mizani za jikoni, na kikaunganishwa na kipande kidogo cha HX711 kinachosoma kihisi hicho, pamoja na bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino, mashine itajua kiasi kilichoingia kwa tofauti ya gramu chache. Povu likijaa au likitulia, uzito haubadiliki. Vifaa hivi vyote vinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi, na programu yake ni ya kurasa chache ambazo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuziandika.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika programu hiyo. Kwanza, soda ya sukari ni nzito kuliko maji: mililita 250 zina uzito wa takriban gramu 260. Asiyelijua hilo atawapunja wateja wake bila kukusudia. Pili, vali ikifungwa, kinywaji kilichokuwa njiani bado kitaanguka, kwa hiyo mashine iamuru kufunga gramu kadhaa kabla ya kipimo kutimia. Kiasi hicho kijifunzwe kwa majaribio, na mashine ikirekebishe kila inapomimina.

Malipo yanaweza kupangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ile ya ATM za maziwa: mteja anamlipa mwenye duka, naye anabonyeza kiasi. Ni rahisi, na haitegemei mtandao. Ngazi ya pili ni sarafu, ila kifaa cha kuzisoma kifundishwe sarafu za zamani na zile mpya za wanyama zilizozinduliwa Desemba 2018, kwa kuwa zote zinazunguka. Ngazi ya tatu ni M-Pesa, kupitia mfumo wa Daraja ambao Safaricom imeufungulia waandishi wa programu. Hapo mashine lazima iandike kila malipo katika kumbukumbu yake kabla ya kufungua vali. Umeme ukizimika au mtandao ukipotea baada ya mteja kulipa, haki yake isipotee.

Ladha ya shamba letu

Hadi hapa ningeweza kuwa nazungumzia soda yoyote. Lakini mashine hii itakuwa na maana kubwa zaidi ikiwa itauza matunda ya hapa. Miteremko ya Meru na Embu hutoa karakara, na Mbeere hutoa maembe ambayo msimu ukifika huwa mengi kuliko wanunuzi. Mkulima huuza kwa bei ya kutupa, au huyaacha yaoze chini ya mti.

Kosa la kuepuka ni kutia juisi mbichi ndani ya chombo cha kutilia gesi. Juisi ina sukari, na hamira za hewani huipenda. Ikifungiwa humo itachacha, itazalisha gesi yake yenyewe, na mgandamizo utapanda bila mtu kuujua. Nyuzinyuzi na mbegu nazo huziba mpira na kuamsha povu.

Njia salama ni ile ambayo migahawa mikubwa duniani huitumia: maji pekee ndiyo hutiwa gesi, na ladha hukaa kando kama shira nzito, iliyochujwa na kuchemshwa kwa kiwango kinachoua vijidudu. Kipimo kinachozoeleka ni sehemu tano za maji kwa sehemu moja ya shira. Katika kikombe cha mililita 250, hizo ni kama mililita 42 za shira na 208 za maji. Pampu ndogo inayokamua mpira kwa magurudumu huweka shira kwanza, mizani inahesabu, kisha maji yanafuata na kuichanganya. Kwa kuwa shira haina gesi, maji yatiwe gesi zaidi ya ile inayotakiwa kikombeni. Kwa maji ya nyuzi 4 huku kwetu, kuanzia bar 2 kwenye geji ni mwanzo mzuri.

Mpango huu una faida nyingine, na hii naijali sana. Kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tayari imekivuka kiwango hicho cha chini. Mashine inayopima shira na maji kando kando inaweza kuwa na kitufe cha utamu nusu. Mzee mwenye kisukari aliyekuja harusini anaweza kupewa maji ya gesi yenye tone la ndimu. Mtoto anaweza kupewa robo kikombe. Chupa haina uwezo huo.

Plastiki nayo ipungue. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, zikiwemo Meru na Mlima Kenya. Mashine inayojaza chombo cha mteja mwenyewe, kama ifanyavyo ATM ya maziwa, ingewafaa wageni na waongozaji wa milimani katika malango ya mbuga hizo.

Mahali pasipo na mzaha

Unafuu wa bei una mipaka. Mtungi wa kaboni dioksidi katika chumba cha nyuzi 20 una mgandamizo wa takriban bar 57 ndani yake, na joto likifika nyuzi 30 hupita bar 70. Mtungi huo ununuliwe kwa muuzaji anayeupima, ufungwe ukiwa wima, usiwekwe juani. Regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza mgandamizo unaotoka mtungini, iwe mpya, na chombo cha maji kiwe na vali ya usalama inayojifungua mgandamizo ukizidi. Nasisitiza: fundi abane matumizi kwenye sanduku, kwenye taa na kwenye rangi, lakini kwenye vitu hivi vitatu asibane hata kidogo.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, haina rangi, na hujaa chini. Ikivuja usiku katika kibanda cha mabati kilichofungwa, anayelala humo anaweza kukosa hewa. Kibanda kiwe na matundu karibu na sakafu, na mtu asilale na mtungi. Vilevile, maji yenye gesi ni asidi nyepesi na hula shaba. Bomba za shaba na vifungio vya shaba nyeupe visitumike kabisa mahali maji hayo yanapopita. Chuma kisichoshika kutu na plastiki ya vyakula ndivyo vinavyofaa. Mipira isafishwe kila siku kwa maji ya moto na dawa inayoruhusiwa, kwa sababu pasipo usafi shira hugeuka makao ya ukungu.

Sheria nazo zipo. Chombo chochote cha kuuzia kwa kipimo kinaangukia chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na kinapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri. Kinywaji kiko chini ya sheria ya vyakula, Sura ya 254, pamoja na viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na afisa wa afya wa kaunti ana haki ya kuingia na kuangalia. Kwa vinywaji vinavyofungwa chupani, stempu za ushuru zimekuwa lazima tangu Novemba 2019, kwa hiyo anayefikiria kupanuka hadi kufunga chupa aende kwa mamlaka ya mapato, KRA, mapema. Maafisa hawa wakishirikishwa tangu mashine ikiwa mezani, gharama ya kurekebisha huwa ndogo. Wakija baada ya biashara kufunguliwa, huenda wakaifunga.

Aijenge nani?

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, kilipata hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Meru ina pia taasisi ya kitaifa ya ufundi. Katika taasisi hizi wapo wanaojua programu, wanaojua kuchomelea chuma na wanaojua matunda. Mara nyingi kila mmoja hufanya mradi wake wa mwisho peke yake, hupewa alama, na mradi huishia kabatini. Mashine ya soda inawahitaji wote kwa pamoja. Mwanafunzi wa kompyuta hataweza kuhifadhi shira, wa chakula hataweza kurekebisha mizani, na wote wawili watamhitaji fundi wa friji wa mtaani ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo lakini anajua kwa sikio kompresa inapoanza kuchoka.

Kwa kikundi kitakachojaribu, ushauri wangu ni huu. Anzeni bila kompyuta. Pateni friji, mtungi, regyuleta na mpira mrefu, kisha mimineni kwa mkono hadi gilasi ijae kinywaji chenye gesi na povu la kidole kimoja tu. Hapo ndipo muongeze vali, kisha mizani, kisha pampu ya shira, na malipo yaje mwisho. Kila hatua ifanye kazi kabla ya inayofuata kuanza, na kila kipimo kiandikwe: joto, bar, urefu wa mpira, gramu. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mashine yenyewe, kwa sababu mashine ya pili na ya kumi zitajengwa kutokana nalo.

Kaunti zetu hutenga pesa za vijana na za kuongeza thamani ya mazao kila mwaka. Sehemu ndogo ya pesa hizo ikiwekwa katika mashine chache za majaribio, zikasimamishwa mahali penye watu na kupimwa kwa msimu mmoja wa maembe, tutajua kwa hesabu kama biashara inalipa. Ikilipa, mkulima wa Mbeere atakuwa na mnunuzi wa karibu, fundi wa Makutano atakuwa na kazi ya kuunda na kutengeneza, na mwenye pesa kidogo atakunywa kipimo chake akiwa na hakika kwamba hakupunjwa.